Mama Cheka Taratibu, Muuguzi wa Chumba cha Vidonda

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kitindamimba wa fundi cherehani na mkewe. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alijua kucheka kabla hajajua kukaa.

Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya bweni. Mwalimu wa hesabu alimtoa nje kwa kuchekesha darasa, naye akaendelea kulichekesha kupitia dirisha. Mwaka 1978 alihitimu uuguzi.

Alifanya kazi miaka thelathini na minne katika chumba cha kufunga vidonda, chenye kitanda kimoja na harufu kali ya spiriti. Bandeji ikiwa imegandamana na kidonda, alianza kisa. Mgonjwa akija kuangua kicheko, bandeji imeshabanduka. Mwaka 1986 mwashi mmoja aliyetoka kupasuliwa ngiri alicheka mpaka nyuzi zikafumuka. Daktari alifoka, marehemu akalia siku nzima. Tangu hapo, hata kabla ya salamu, aliuliza, "Umeshonwa wapi?" Wa tumboni aliwasihi, "Wewe cheka taratibu, baba, usinifumulie nyuzi." Jina likamganda.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na fundi seremala, mtu mkimya, asiyejua mzaha hata umsukume. Wakajaliwa watoto watatu. Mezani kila jioni, kila mtu alitakiwa kutaja jambo lililomchekesha mchana; aliyekosa aliosha vyombo. "Hii ni dawa kama dawa nyingine, msinitanie," alisema. Seremala aliosha vyombo miaka arobaini na ushee.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha maumivu yakarudi na kumnyamazisha kabisa. Wageni walikuja na vichekesho vyao, akawaitikia kwa kichwa tu. Ukimya ule ulimkata maini mumewe. Alichoogopa ni mke wake kuondoka bila kucheka tena.

Jioni ya Jumatatu, tarehe 8 Mei 2023, mumewe alivuta kiti karibu na kitanda.

"Basi, tukavunja ukuta," alianza.

"Ukuta gani, baba watoto?"

"Wa karakana. Samahani, huo ni mwisho. Kwanza kulikuwa na kabati."

"Kabati la nani?"

"La mteja. Nililitengenezea ndani. Mlango ulikuwa mdogo. Nimeruka tena, ngoja..."

Marehemu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe naye akacheka, akitetemeka, asijue afute machozi ya nani kwanza. Kisa hakikuisha. Alfajiri ya Jumanne marehemu alifariki dunia, usingizini.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba na kaka mmoja. Mwenyezi Mungu amlaze kwa utulivu.

Mumewe ameomba iandikwe kwamba hajapoa majonzi, wala asihimizwe kupoa. Ila kile kicheko cha mwisho cha mkewe kilikuwa chake yeye, na hamgawii mtu.