Magige Aliyekataa Kufuta Nyayo

Mchungaji, machifu, wazee wa ukoo na ndugu waombolezaji wote, poleni sana. Mimi ni Onyango kutoka Homa Bay, kaka yake mjane wetu Risper, na familia imenipa kazi hii kwa sababu, eti, shemeji hudanganya kidogo kuliko ndugu.

Marehemu Samwel Magige alizaliwa hapa Ntimaru tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa pili wa Mzee Werema, na mdogo wake Mzee Gichana mnayemwona ameketi hapo mbele. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka wa 1959, kisha mwaka wa 1961 akashuka Macalder kufanya kazi mgodini, na huko ndiko alikojifunza Kijaluo, akakiongea kwa ujasiri mwingi na makosa mengi zaidi. Huko alimkuta dada yangu akiuza omena, akaanza kununua kila siku, mtu ambaye kwao samaki hawakuliwa, jameni, tukajua hiyo si njaa. Walifunga ndoa kanisani Homa Bay Jumapili tarehe 22 Agosti 1965, Mungu akawabariki kwa Kezia, Werema na Joyline, na mgodi ulipofungwa mwaka uliofuata wakarudi hapa kulima na kufuga.

Utumishi wake haukuanzia ofisini, ulianzia njiani, mwezi wa Februari 1990. Ng'ombe wa majirani wa ng'ambo ya mto walikuwa wameibwa, na sheria yetu mnaijua, nyayo zikiingia kijijini, kijiji kionyeshe zilikotokea ama kilipe, basi vijana wakaamua kufungulia mifugo yote ikanyage njia na kufuta alama kabla wenyewe hawajafika. Magige alikataa kufungua zizi lake, akasimama katikati ya njia na fimbo yake, akasema mwenye ng'ombe aachwe afuate mali yake hadi mwisho, na mwisho, ole wetu, ukawa boma la Gichana, ambako kijana mmoja, ambaye siku hizi ameokoka na simtaji, alikuwa amewaficha ng'ombe hao.

Gichana alilipa faini, akaacha kumsalimia mdogo wake, na jambo hilo lilimuuma Magige kuliko matusi yote ya kijiji. Wale wa ng'ambo ndio waliopeleka jina lake kwa mkuu wa tarafa, na tarehe 3 Juni 1991 akaapishwa kuwa naibu wa chifu, mtu wa kwanza ninayemjua kuombewa kazi na kijiji kisicho chake. Alipatanisha watu juu ya mipaka ya mashamba, akawarudisha wasichana shuleni, na tuseme ukweli, baraza zake zilikuwa ndefu, kina mama walikuja na chakula cha mchana. Kila alipopita langoni kwa kaka yake alisalimu, hakuitikiwa, na kesho yake akasalimu tena.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka wa 1996, ukamlaza hospitalini Homa Bay Septemba mwaka huu, na huko, bila kuitwa na mtu, Gichana alifika na wembe mfukoni, akamnyoa, huku akimgombeza kwamba naibu wa chifu halali mbele ya wauguzi na ndevu za mbuzi. Magige alicheka hadi akakohoa, mimi nikatoka nje nikalia kwa furaha, na alipotuacha Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998 hakuwa na kinyongo wala deni la moyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, machifu wenzake, kanisa, na majirani mliotulisha wiki nzima. Na wewe Mzee Gichana, asante, kwa maana juzi ulivuka mto mwenyewe, kwa miguu yako, ukawaita wale waliofuata nyayo hadi kwako, wakaja, na kaburi hili leo asubuhi wamelichimba pamoja na wanao. Shemeji yangu, tulikupenda sana, lala kwa amani.