Dawa ya Kisha Kuzaa

ALBERTINE: Haloo? Ni nani? Hii numero siijue.

SYNTICHE: Ni mie, mama. Syntiche. Niko kwa simu ya Guelord, bwana ya Léa.

ALBERTINE: Jambo, mwana. Sema na nguvu, huku Sakania réseau ya simu iko mubaya.

SYNTICHE: Jambo, mama. Mama mukubwa eko namna gani?

ALBERTINE: Ameanza kula kidogo, nitarudi hii juma. Mbona unapumua vile?

SYNTICHE: Mama, Léa tumbo imemushika. Tangu jana.

ALBERTINE: Miezi yake imefika. Mulimupeleka maternité gani?

SYNTICHE: Eko hapa. Kwetu Makomeno, mu chumba yako.

ALBERTINE: Mu chumba yangu, na mie siko?

SYNTICHE: Alikataa hospitali. Dada yake balimupasua kule, hakurudi nyumbani. Akasema anangoja weye. Nikamwambia umesafiri. Basi mama mukwe yake, Mama Chomba, akaniuliza kama mie si mutoto wako, kama sitembeake na weye kuzalisha bantu. Léa alikuwa analia, mama, ananishika mukono —

ALBERTINE: Syntiche. Ulifanya nini?

SYNTICHE: Nilimupikia dawa.

ALBERTINE: Gani?

SYNTICHE: Ile mizizi ya kufungwa na kamba ya kitenge, nyuma ya mulango. Ile unabebaka kila mara banakuita.

ALBERTINE: Ulipoipika, maji ikawa nyekundu?

SYNTICHE: Eyo.

ALBERTINE: Ngoja nitoke inje, nisikie muzuri.

SYNTICHE: Mama? Uko?

ALBERTINE: Niko. Mutoto ametoka?

SYNTICHE: Bado.

ALBERTINE: Ile ni dawa ya kisha kuzaa. Tunapatia mama wakati mutoto ameshatoka, ili kondo ishuke na damu ikatike. Inakamata tumbo na nguvu. Mutoto akiwa ndani, hapana kabisa.

SYNTICHE: Sikujua. Ukifika ile saa ya kuitoa mu kitunga, unanitumaka maji inje. Kila mara, mama. Naonaka tu unaibeba.

ALBERTINE: Amekunywa ngapi?

SYNTICHE: Kopo mbili. Mama Chomba anamimina ya tatu.

ALBERTINE: Mwaga.

SYNTICHE: Anasema —

ALBERTINE: Mwaga ile kopo, Syntiche. Mwaga na sufuria yote.

SYNTICHE: [mbali] Lete, mama. Mama yangu anakataza... [karibu] Nimemwaga. Amekasirika, anasema tunachezea mujukuu yake.

ALBERTINE: Muache. Weka mukono juu ya tumbo ya Léa. Uchungu ikipita, tumbo inalegea?

SYNTICHE: Hapana. Iko gumu tu. Haimuachie.

ALBERTINE: Damu?

SYNTICHE: Kidogo, kwa kitenge.

ALBERTINE: Guelord atafute taxi. Si pikipiki, gari. Sasa hivi.

SYNTICHE: Ameshakimbia. Mama, minaogopa. Mama Chomba anasema tukifika tuseme Léa hakukunywa kitu. Anasema balishafunga mu gereza yule mama muzalishaji wa Karavia juu ya dawa kama hii, na weye unamujua.

ALBERTINE: Namujua. Tulichimba mizizi pamoja.

SYNTICHE: Basi nisemeje?

ALBERTINE: Sikiliza muzuri. Kule hospitali beko na dawa yao ya kusukuma, banaiwekaka mu serum, ile maji ya mushipa. Mukinyamaza, bakaiweka juu ya ile yetu, tumbo itapasuka. Atakufa yeye na mutoto. Unasikia?

SYNTICHE: Nasikia.

ALBERTINE: Basi unafika, unasema. Mbele ya bote.

SYNTICHE: Gari imekuja. [mulango, honi] Tumemulalisha nyuma. Guelord eko mbele, Mama Chomba amekataa kupanda... Mama, Léa amenyamaza.

ALBERTINE: Amefunga macho?

SYNTICHE: Eyo. Alikuwa analia, sasa hapana.

ALBERTINE: Weka simu kwa sikio yake. Léa, mwana. Ni Mama Albertine. Najua unanisikia. Hapana kusukuma. Pumua tu, polepole. Nilizalisha mama yako, weye ndiye ulitoka na nywele mingi, tukacheka. Fungua macho, angalia Syntiche.

SYNTICHE: [analia] Amefungua. Mama, tumefika, bantu banakuya na kitanda ya kumubeba —

ALBERTINE: Enda. Sema. Usingoje bakuulize.

[Laini inakatika. Saa kadhaa zinapita, kisha simu inalia tena.]

ALBERTINE: Haloo? Syntiche?

SYNTICHE: Ni mie. Unités ya simu imebakia kidogo.

ALBERTINE: Niambie.

SYNTICHE: Tulipoingia tu, infirmière akatundika serum. Nikamwambia ngoja, Léa amekunywa dawa ya kienyeji, kopo mbili, ile ya kukamata tumbo. Akaniangalia tu. Kisha akafunga ile serum, akaita docteur. Bakakimbia naye. Guelord alisikia yote. Hajanisemesha tangu pale.

ALBERTINE: Na sasa?

SYNTICHE: Mutoto ametoka. Mwanamuke. Alikawia kulia, balimupiga mugongo, kisha akalia. Eko mu chumba ya pembeni, namusikia hata sasa. Unamusikia?

ALBERTINE: Hapana. Réseau inakwaruza. Na Léa?

SYNTICHE: Léa ataishi.

ALBERTINE: Asante, Mungu.

SYNTICHE: Mama... tumbo ilikuwa imeanza kupasuka ndani. Docteur ametoa nyumba ya mutoto. Hatazaa tena.

ALBERTINE: Hatazaa tena.

SYNTICHE: Ni vile docteur amesema.

ALBERTINE: Ameshaambiwa?

SYNTICHE: Bado analala. Nimeomba nikae pale akiamuka. Guelord hakukubali, hakukataa. [sauti ya chini] Infirmière anakuya na docteur. Beko banauliza bantu nani alipika ile dawa.

ALBERTINE: Sema ni mie. Albertine wa Makomeno. Dawa iko yangu, chumba iko yangu. Bangoje, nitapanda gari ya kesho.

SYNTICHE: Weye hukuwa pale.

ALBERTINE: Syntiche, weye uko mutoto. Mama yangu alinionyesha hizi dawa nikiwa na miaka yako, mie nikakufichia. Niliogopa ukijua utaitwa mulozi kama vile balivyoniita. Basi sema ni mie.

SYNTICHE: Hapana, mama. Ni mie nilimukunywesha. Nitasema vile.

ALBERTINE: Mwana, ngoja —

SYNTICHE: Unités inalia, mama. Baki muzuri. Ukifika, pitia kwanza huku hospitali, usiende nyum —

ALBERTINE: Syntiche? Haloo?