Kaburi la Kwanza

Kivuko kilikuwa kimeshaondoka gati la Kamanga wakati redio ya abiria mmoja ilipotaja Gaza. Mzee aliyekaa mbele yangu, aliyejitambulisha kwetu sote kama Luhende wa Kiseke, akamgeukia mama muuza dagaa asiyemjua. "Ile nchi ni ya Waisraeli," akasema. "Ibrahimu alimzika Sara pale. Kwetu Usukumani, kaburi la babu ndiyo hati ya shamba."

"Shikamoo mzee," mama alianza, maana ubishi haufuti heshima. "Na Wapalestina waliofukuzwa mwaka arobaini na nane, babu zao walizikwa hewani?"

"Marahaba. Lakini kaburi la kwanza ndilo lenye shamba," mzee alijibu, kama mtu aliyehudhuria mazishi ya Sara na kula ubwabwa.

"Sawa. Na hapo Kiseke ulizaliwa?"

"Nilihamia. Nimepata kiwanja kizuri, tambarare, kina makaburi mawili tu nyuma ya nyumba."

"Makaburi ya nani?"

Mzee alilitazama ziwa kana kwamba jibu lilikuwa linakuja na mtumbwi. Kivuko kikagusa gati, injini ikanyamaza, ndiyo maana tulimsikia wote.

"Ya wenyewe," alisema.