Seva ya Saa Mbili na Nusu

Kwenye Kosta ya Handeni kwenda Korogwe, fundi kompyuta aliyepakata laptop alikuwa akimlalamikia jirani yake, mama muuza machungwa. Masikio hayana pazia, nikasikia.

"Seva ya ofisini Handeni imegoma kupakua masasisho, mama. Inadai muda wa faili kutumika haujafika, nisubiri masaa sita."

"Saa yake inasema ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Mama akachungulia jua dirishani. "Mbona ndiyo hiyo?"

Fundi akashika kichwa. Kompyuta huhesabu saa tangu usiku wa manane, ilipaswa kusema nane na nusu. "Umeme ulipokatika, bosi ndiye aliyeirekebisha saa yake."

"Kamwambie."

"Nimwambie bosi hajui saa?"

"Basi subiri masaa sita kila siku."

Konda akatangaza Korogwe, mwisho wa gari. Fundi hakunyanyuka, alimuuliza linarudi Handeni saa ngapi.