Chini ya Gari la Fernand

Benchi la mbele ya duka la Thibodeau lina miguu mitatu na tofali moja. Kila asubuhi, tangu viazi vinapoisha kuchimbwa mpaka mto uanze kuganda, wazee wawili hulikalia na chupa yao ya kahawa. Profesa, aliyeishia darasa la saba, hukaa upande wa tofali. Sepeto, aliyeendesha gari la kuzoa theluji miaka thelathini, hukaa upande mzima. Ijumaa hiyo katikati yao alikaa Gilberte, na Gilberte hakuja kupiga soga. Mbele yao lilisimama gari la Fernand, fowili jekundu la zamani, magurudumu yote manne yanavuta, limeoshwa mpaka linang'aa. Fernand mwenyewe yuko kwa kinyozi. Kengele ya kanisa ya saa sita ikilia atatoka, naye Gilberte atoe jibu, analinunua au halinunui, maana kuna mtu wa ng'ambo ya mto, Kanada, anaivizia ndinga hiyo hiyo.

— Chukua, shemeji, — akasema Profesa, binamu wa mumewe. — Unangoja nini, likuchumbie?

— Nangoja mtu aniambie kama litafika hospitali Jumanne. Redio imesema theluji inaanza Jumatatu.

— Litafika! Gari la zamani halina kompyuta. Haya ya siku hizi theluji ikianguka kompyuta inachanganyikiwa, inadhani ni pamba.

— Acha uongo wako, — Sepeto akamkatiza. — Siri iko kwenye rangi. Jekundu linavuta jua. Theluji inayeyuka yenyewe kabla tairi halijafika.

— Jua gani, Sepeto? Januari hapa jua unaliona wapi?

— Mimi nimezoa theluji miaka thelathini! Magari niliyoyafukua yalikuwa meupe matupu. Jekundu hata moja!

— Meupe kwa sababu yamefunikwa na theluji, mzee wewe!

Siku nyingine Gilberte angecheka mpaka mbavu zimuume. Leo alikuwa akitazama saa ya dukani tu. Mara tatu kwa wiki anampeleka mumewe Lomer kusafishwa damu, maili hamsini kwenda, maana figo zake zimegoma. Februari iliyopita kigari chao kilikwama saa nne nzima, Lomer midomo ikabadilika rangi, na yeye akawa anamfikicha mikono huku akisali kwa sauti kama kichaa. Aliyetokea na trekta akawavuta, tena hakutaka hata senti, ni Fernand huyu huyu. Kijiji kizima kimevutwa na Fernand. Hakuna nyumba ambayo hajalitoa gari lake mtaroni.

— Injini mmeisikiliza? — akauliza.

— Inaimba, — akasema Profesa.

— Na gia?

— Siagi, — akasema Sepeto.

— Halafu sikiliza, shemeji. — Profesa akamsogelea. — Chuma kina kumbukumbu. Gari lililopita baridi ishirini za huku kwetu limeshazoea. Ukinunua la kusini litakufia Desemba kwa mshtuko.

— Hapo kwa mara ya kwanza umeongea, — Sepeto akakubali. — Ila apakie magunia manne ya viazi nyuma, uzito uyafanye matairi yakamate.

— Sita!

— Manne! Sita litanyanyua pua kama ndege, lipae na Lomer wetu!

— Jamani! — Gilberte akapaza sauti, kahawa ikamwagika gotini. — Mume wangu anakufa nikikwama! Mnanielewa au hamnielewi?

Profesa akakohoa, akamimina kahawa isiyohitajika. Saa ya dukani ilikuwa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Ndipo Delia akatokea na mkoba wake wa barua. Ni mpeleka posta mpya, mtu wa kusini, ana miezi miwili tu kijijini na bado anamwita kila mtu Bwana au Bi. Akampa Sepeto bahasha, akalitazama lile gari.

— Zuri. Unalinunua, Bi Gilberte?

— Nafikiria.

— Na chini kukoje?

Profesa akamtazama Sepeto. Sepeto akaitazama bahasha yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

— Nimeuliza vibaya? — akasema Delia. — Nimeambiwa huku chumvi mnayomwaga barabarani kuyeyusha theluji inakula magari.

Hakuuliza vibaya. Hapo kijijini kila mtu anajua gari huliwa na kutu kuanzia chini, na kila nyumba ina nyundo ya kugongea chasisi kabla ya kununua. Lakini hiyo ni kwa gari la mtu baki. Gari la jirani hulali chini yake. Ukilala umemwita tapeli mbele ya kanisa zima. Na gari la Fernand, aliyekuvuta kwenye theluji? Gilberte alikuwa amelizunguka mara tatu asubuhi ile bila kuinama hata kidogo. Aibu ikamwasha masikio, halafu hasira. Akainuka, akaingia dukani, akatoka na nyundo.

— Shemeji, usifanye hivyo, — Profesa akanong'ona. — Fernand atajisikiaje?

— Na Lomer je, atajisikiaje?

Akalala chali kwenye kokoto na koti lake la kanisani, akajisukuma mpaka miguu tu ikabaki nje. Huko chini kulikuwa kweusi, kumepakwa rangi mpya ambayo bado ilinuka. Akagonga. Ngo. Chuma kikajibu. Akasogea, akagonga. Ngo. Roho ikaanza kumtulia. Akagonga nyuma, karibu na gurudumu, na nyundo haikulia. Ilizama. Vipande vya kutu vikamwangukia usoni, akaingiza kidole, kikapita chote mpaka upande wa pili.

Kengele ya saa sita ikalia. Akasikia Sepeto akisema, — Salama, Fernand, — kwa sauti ya mtu aliyeshikwa akiiba.

Alipojitoa, Fernand alikuwa amesimama juu yake, shingo nyeupe, amenyolewa upya, kofia mkononi. Aliona nyundo. Aliona kutu kwenye nywele za Gilberte.

— Nani alipaka rangi? — Gilberte akauliza, bado amekaa chini.

Fernand akajipangusa nywele za kinyozi shingoni.

— Mimi. Nilitaka lipendeze.

— Ulijua?

Akawatazama wazee wa benchi, wakawa wanatazama kahawa. Ikabidi ajibu.

— Sikutaka kujua, Gilberte. Na hata lingekatika, si ningekuja? Lini nimeacha kuja? Ungekwama ningekuvuta.

Hapo ndipo Gilberte alipoona huyu mtu anasema kweli tupu, na ikamuuma kuliko kama angedanganya. Akasimama, akajipangusa kokoto, akamwekea nyundo mkononi.

— Najua ungekuja. Basi safari hii usisubiri nikwame. Jumanne saa kumi na moja alfajiri uwe mlangoni kwangu na gari lako unaloendesha mwenyewe. Utatupeleka mpaka nipate chombo.

— Jumanne hii?

— Na Alhamisi. Na Jumamosi.

Fernand akatazama nyundo, akavaa kofia.

— Saa kumi na moja, — akasema. — Lomer anakaa mbele au nyuma?