Mstari wa Penseli wa Mchora Ramani za Hifadhi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Baba yake alimzoesha kuchora kwa chaki kabla ya kugusa mkasi, na tabia hiyo hakuiacha.

Alisoma shule ya msingi jirani na stesheni, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1971 alihitimu chuo cha upimaji ardhi, akiwa wa kwanza darasani.

Aliajiriwa na idara ya hifadhi za taifa kuchora ramani za wageni. Alikuwa na utaratibu wake: barabara aliyoipita mwenyewe aliichora kwa wino, aliyosimuliwa tu, kwa penseli.

Mwaka 1978 alimwoa mwalimu wa jiografia, na fungate yao waliimalizia hifadhini ndani ya gari la kazi. Bibi harusi alipouliza wanaelekea wapi, alijibu, "Sijui, mke wangu. Ndiyo maana nimeshika penseli." Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1993, akiwa bado porini, ofisi iliharakisha kupeleka rasimu yake kiwandani. Mistari yote ilichapwa kwa wino, ukiwemo wa penseli uliokwenda kwenye chemchemi aliyosimuliwa. Chemchemi haikuwepo. Kiangazi hicho mgeni mmoja na binti yake waliifuata barabara hiyo mpaka gari likazama mchangani. Binti aliokolewa, baba yake alikuwa amekwisha kufa kwa kiu. Chini ya ramani palikuwa na jina la marehemu.

Familia inaomba ieleweke, hasa kwa wanaonong'ona hata hapa msibani: marehemu hakuichora barabara ile kwa wino. Alimwendea kila mkurugenzi aliyeteuliwa. Kila mmoja aliahidi kuuondoa mstari, na ramani ikachapwa tena vilevile. Alipostaafu alisimama kwenye lango la hifadhi na kalamu nyekundu, akiwaomba wageni ramani zao aukate mstari ule. Madereva walimbandika jina la Mzee Futa.

"Mzee Futa, leo umefuta nini?"

"Ileile."

"Si uifute hifadhi yote, nasi tukalale?"

Alicheka nao. Nyumbani hakula.

Mwaka 2019 kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Alijifunza kushika kalamu kwa kushoto, lakini ramani ilikuwa imekwisha kuingizwa kwenye simu. Mwanawe alipomwonyesha, aliusugua mstari kwa kidole, akasugua tena.

"Baba, haufutiki."

"Naona."

Hakurudi tena langoni, na kalamu hakuigusa. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Agosti 2023, baada ya kiharusi cha pili.

Ameacha mjane, mwana, binti, wajukuu wanne na dada yake mkubwa. Ameacha pia barabara isiyo yake, ambayo jana jioni ilikuwa bado inaonekana kwenye ramani ya simu, na jina lake chini yake. Mwenye ramani hiyo asiifuate.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpatia.