Mama Vigae na Kilima cha Takataka

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vigae, na tutayasoma yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe alituonya tusimpambe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu wa fundi muashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, ambako mwalimu mkuu alimshauri achukue uuguzi, akajibu kwamba wagonjwa wana watu wengi wa kuwajulia hali, ila waliokufa zamani hawana. Mwaka 1974 aliingia chuo kikuu kusomea akiolojia, msichana pekee darasani, na alipoambiwa abaki kambini kupika wakati wenzake wanachimba, aliuweka chini mwiko wa kupikia, akachukua mwiko wa muashi, akashuka shimoni, na siku hiyo kambi nzima ililala na njaa.

Septemba 1978 aliajiriwa na idara ya mambo ya kale, akawafundisha vijana kuchimba polepole, tabaka baada ya tabaka, maana la chini ndilo la kale zaidi, isipokuwa pale mtu au panya alipofukua akachanganya, na aliyeng'oa kigae cha chungu kabla ya kukipima na kukichora pale pale kilipolala, alikiona cha moto.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mpima ardhi aliyekuja kumpimia miraba ya kuchimba, ambaye hadi leo anadai kwamba yeye ndiye aliyeposwa, wakajaliwa binti na mwana.

Juni 1994 kampuni moja ilitaka kujenga ghala juu ya kilima alichokuwa akikichimba, na mkuu wake wa kazi akamtaka athibitishe kuwa pale hapana kitu, ilhali shimo lake la majaribio lilikuwa limetoa majivu, mifupa, vigae na mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kinapoyeyushwa, na mkaa uliotoka humo ulipopimwa maabara ulionekana una umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Alikataa, akasimamishwa kazi, na asubuhi tingatinga lilipofika lilimkuta ameketi shimoni.

"Mama, tupishe, hizi ni takataka tu," msimamizi alimwambia.

"Ndiyo, ni takataka," akamjibu, "za watu waliofua chuma hapa kabla ya babu wa babu yako, na mtu hujulikana kwa vitu anavyovitupa, kwa hiyo siondoki mpaka nizisome."

Dereva alizima mashine, akasema yeye hakuajiriwa kufukia watu, majirani wakaja na mikeka wakaketi kuzunguka shimo, na mwishowe mahakama ikazuia ujenzi. Dada yetu alirudishwa kazini, ila hakupandishwa cheo tena hadi alipostaafu mwaka 2013, na kila alipodokezwa kwamba akiomba radhi mambo yatalainika, aliuliza radhi ya nini.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa anatoka kusafishwa damu na kupelekwa kilimani kwa kiti cha magurudumu, akigombana na wauguzi njia nzima, hadi tarehe 3 Mei mwaka huu, mchana, alipofariki, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo waliomvumilia, majirani waliokuwa naye tangu enzi za mikeka, na wafanyakazi wenzake, hasa wale waliothubutu kumsalimia alipokuwa amesimamishwa.

Tumesikia pia kwamba wiki aliyolazwa, maombi ya kujenga ghala yaliwasilishwa upya, hivyo kama yupo aliyekuwa akiisubiri siku hii, tunamjulisha kwamba Jumatatu binti wa marehemu, aliyeifuata kazi ya mama yake, anafungua shimo jipya upande wa mashariki, na sisi sote tutakuwepo.

Pumzika kwa amani, dada, hapo kilimani hatoki mtu.